Kumfuata Mama Kulwa Hadi Nyarugusu

Ndugu zangu wa benchi la kahawa hapa Shinyanga, sokoni Ngokolo, tangu nirudi kila mmoja wenu ameniuliza lake. Mmoja anataka kujua kama ni kweli nilifanywa mganga. Mwingine anauliza jogoo aliishia wapi. Swedi naye amekwisha kuwasimulia, na kwa kuwa Swedi husimulia kwa kutia chumvi, pilipili na mchuzi wa jirani, nimeona niandike mwenyewe. Habari za tiketi na kutafuta nafasi nitaziacha, maana hizo kila mtu anazijua. Nitaandika yaliyotupata, na pale nilipokosea nitasema nimekosea, ili Swedi akose kazi.

Ngokolo, kabla ya kuondoka

Ilivyoanza mnajua, kwa sababu wengi wenu mlikuwepo mnakula pilau yangu. Tulikuwa tunamuaga mjukuu wangu, binti wa Kulwa, aliyekuwa anaolewa. Mshereheshaji akanipa kipaza sauti, nami nikasimulia vita vya Kagera, kama ninavyosimulia kila nikipewa kipaza sauti, na hata nisipopewa. Nikaeleza tulivyoitwa mgambo, tulivyopakia malori, tulivyolala kwenye matope. Mwisho nikasema maneno ambayo nayaandika kama yalivyo, kwa sababu ndiyo yaliyonipeleka Nyarugusu:

"Niliporudi niliikuta nyumba yangu kama nilivyoiacha, hata mlango wake uliopinda. Wakati wa vita ile wanawake walipumzika. Kazi yao ilikuwa kungoja tu."

Watu wakacheka. Mke wangu hakucheka. Aliweka sahani chini, akanitazama kama mtu anavyomtazama ng'ombe wa jirani aliyeingia shambani kwake, kisha akaenda kuosha mikono.

Asubuhi hakuwepo. Alikuwa amemwachia jirani ujumbe: "Mwambieni Baba Kulwa nimekwenda kwa Minza. Mtu asiye na kazi anaweza kusafiri."

Minza ni rafiki yake tangu usichana, tangu tukiishi kijijini nje ya mji. Miaka hii anapikia wachimba dhahabu kule Nyarugusu, mkoa wa Geita. Nikapiga simu ya mke wangu. Akapokea Minza, akasema, "Mke haombwi kwa simu, shemeji," akakata.

Alikuwa na haki. Kwetu mke akisusa hufuatwa. Mume haendi peke yake, huenda na mtu wa kumsemea, kwa sababu yeye ni mshitakiwa. Hubeba kitu mkononi. Akifika hukaa alipoonyeshwa, hula walichopika wengine, na hangojei kuambiwa ndiyo wala hapana. Siku mke atakapompa chakula kwa mkono wake mwenyewe, hilo ndilo jibu. Asipompa, mume huaga akarudi alivyokuja. Nimewahi kuwasemea vijana wengi katika safari hizo, na nilikuwa nikiwacheka njiani. Sikufikiri nitakwenda kufuata mke nikiwa na wajukuu wanaoolewa. Na tusidanganyane, niliogopa. Nyumba ilikuwa kimya hata saa ya ukutani ilinichosha. Nilijipikia uji, nikaula umesimama kama udongo, nikajiuliza ikiwa huyu mama ataamua kubaki huko, mimi nitakuwa nani hapa Ngokolo.

Kosa langu la kwanza la safari lilikuwa kumchukua Swedi.

Ninyi mnamjua Swedi wa duka la vitenge. Babu yake alikuwa Mzaramo aliyekuja na reli akanogewa akabaki. Mimi nilimchukua kwa sababu anajua kusema. Nilisahau jambo ambalo hata mtoto wa Kisukuma analijua: Mzaramo ni mtani wetu, na mtani hapelekwi kwenye shauri. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu, kukuanika, na kuchukua kitu chako akaenda nacho, nawe ucheke. Kumchukua mtani akakusemee kwa mke aliyesusa ni sawa na kumpa fisi akulindie mbuzi. Lakini Swedi aliniambia, "Niachie mimi, shemeji nitamlainisha," nami nikamwachia.

Yeye ndiye aliyenunua jogoo wa kupeleka. Alikuja na jogoo mweusi tii, hana hata unyoya mmoja wa rangi nyingine. Nikamuuliza kwa nini mweusi. Akasema, "Haonyeshi uchafu wa safari."

Ngokolo hadi Maganzo

Njia ya karibu ilikuwa kupita Kahama. Swedi akakataa. Alitaka kupita Mwanza, alione daraja jipya la Busisi kabla hajafa. Nikakubali, kwa kuwa aliyefiwa hachagui jeneza.

Basi lilitoka vizuri, likafika Maganzo, tairi likapasuka. Mnaijua Maganzo: ukisimama kujinyoosha, mtu anakusogelea na kufungua kiganja. Kijana mmoja alimfungulia Swedi kiganja, ndani mna kijiwe kinachometa.

"Mzee wangu, hii almasi safi. Nakupa kwa kuwa una sura ya baba yangu."

Swedi akakishika kijiwe, akakielekeza kwenye jua, akakilamba. "Hii ni chupa ya bia," akasema.

"Umejuaje?"

"Baba yako angejua."

Wakacheka wote wawili, na ingeishia hapo kama jogoo asingewika ndani ya kikapu. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mayai ya kuchemsha akauliza tunakwenda wapi na kuku mzuri hivyo. Mimi nikasema tunakwenda kusalimia ndugu. Swedi akaweka mkono kiunoni.

"Kusalimia nani? Mama, huyu Msukuma amekimbiwa na mke! Ana wajukuu, ana pensheni, ana jogoo, mke hana!"

Basi zima lilikuwa chini kusubiri tairi, na watu waliokwama njiani hawana kazi. Wakatuzunguka. Mama wa makamo aliyevaa kitenge cha kijani, mwenye sauti ya mwalimu mkuu, akauliza, "Baba, ulisema nini?"

"Kwa nini unadhani nilisema kitu?"

"Wanawake wa umri ule hawakimbii ngumi. Zilikwisha zamani. Wanakimbia maneno. Ulisema nini?"

Nikayarudia maneno yangu ya kwenye sherehe. Nilidhani angalau wanaume watatabasamu. Hata yule wa almasi ya chupa alifumba kiganja. Kondakta, aliyekuwa amelala chini ya basi na spana mkononi, akatoa kichwa akasema, "Aisee mzee. Hiyo hapana."

"Nilikuwa natania," nikasema.

"Ulitania na kipaza sauti?" akauliza mama wa kitenge cha kijani.

Tulinunua mayai. Yangu yalikuwa mabichi katikati, nikayala hivyohivyo kwa kuwa sikutaka kuulizwa jambo jingine.

Maganzo hadi ng'ambo ya Busisi

Kutoka Mwanza tulipanda basi jingine. Swedi akachukua kiti cha dirishani kwa ajili ya daraja lake, akalaza kichwa kwenye kioo ajipumzishe kidogo, akalala fofofo mdomo wazi. Mimi nikakaa na jogoo mapajani. Upande wa pili wa njia ya katikati alikaa binti mmoja muuguzi aliyekuwa akirudi kazini Sengerema. Alinisalimu vizuri, "Shikamoo babu," nami kwa furaha ya kuamkiwa na mtu asiyejua kisa changu nikaanza tena.

"Hapa zamani tulivuka kwa kivuko," nikamwambia. "Wakati wa vita. Malori yamejaa magunia ya chakula cha askari. Mimi nilikuwa mpakiaji. Gunia moja lilikuwa zito kama mtu mzima."

"Pole babu. Gunia la nini?"

"Mahindi, maharage, matobolwa." Yeye ni mwenyeji wa kanda hii, hakuhitaji kuelezwa kwamba matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa mpaka vikakauka kama vipande vya ngozi.

"Matobolwa yalitoka wapi?"

"Shinyanga."

"Yalitoka yenyewe?"

Nikacheka. Yeye hakucheka, alikuwa anauliza kweli. "Nauliza babu, nani aliyachemsha? Bibi yangu kila mwaka hutengeneza kikapu kimoja tu, anaumwa mgongo wiki nzima. Gunia zima? Malori?"

Nimepakia magunia yale mgongoni, nimeyalalamikia, nimeyatukana, nimeyasimulia tangu siku hizo, lakini katika simulizi yangu magunia yanaanzia kwenye lori. Kabla ya lori hayapo.

Wakati huo basi lilikuwa limeingia darajani. Maji pande zote yanameremeta, mawe ya Mwanza yanabaki nyuma, kitu kizuri kabisa. Nikamtazama Swedi anakoroma. Ningeweza kumgusa bega. Nikakumbuka Maganzo, nikakaa na jogoo wangu nikaangalia daraja lote peke yangu.

Alipozinduka tulikuwa Sengerema. "Bado kulifika?" akauliza.

"Tumelipita."

Hakunisemesha mpaka Geita. Hilo nalo lilikuwa kosa, kwa sababu mtu wa kukusemea akinuna, anaanza kukusanya silaha.

Geita hadi Nyarugusu

Geita tulilala, na asubuhi tukala supu ya sato na chapati ambayo mpaka leo naikumbuka. Kisha tukatafuta mchomoko. Mchomoko ni gari dogo la abiria la huko, na wameliita vizuri, maana linachomoka kabla hujamaliza kusema unakokwenda. Sisi tulisema "Nyaru..." likachomoka, likatushusha Katoro. Dereva akasema hakungoja mwisho wa jina, kwa kuwa kwake njia zote huishia Katoro. Tukarudi nyuma, tukabadili gari, na kipande cha mwisho tukakimaliza kwa pikipiki mbili, mimi ya mbele na jogoo, Swedi ya nyuma na mwavuli, wote tumekuwa wekundu kwa vumbi mpaka kwenye kope.

Sasa fikirini mnavyotuona: mzee wa kwanza amevaa koti jeusi na ana jogoo mweusi kwapani. Mzee wa pili ana kanzu na kofia, na mwavuli aliofungua ingawa hakuna mvua. Tumeshuka mahali ambapo watu wanachimba dhahabu kwa nguvu na kwa imani.

Wanaume watano wenye matope walisimama kwa heshima. "Shikamoo wazee. Tunawasubiri tangu jana."

Nikafikiri, kweli Minza ameandaa mapokezi. "Marahaba," nikasema. "Njia ilikuwa mbaya."

"Ndiyo, njia zenu zina mambo." Wakatupokea mizigo, isipokuwa jogoo. Jogoo hakuna aliyemgusa.

Walituketisha kwenye mkeka mpya chini ya turubai, wakaleta wali na nyama ya mbuzi na soda. Swedi aliondoa kununa kwake, akala kama mtu aliyefungua saumu. Mimi nilishangaa kidogo kwamba wananiita "mtaalamu", lakini nikadhani wamesikia nilisoma sekondari. Tulipomaliza kunawa, mkubwa wao akapiga magoti.

"Mtaalamu, duara letu, hili shimo, halijatema dhahabu tangu masika. Tuambie tu. Tuchimbe kulia au kushoto?"

Nikamwangalia Swedi. Swedi alikuwa ameelewa tangu sahani ya kwanza, nikaliona hilo machoni pake. Akakohoa. "Mzee hasemi ovyo. Kwanza huwasiliana na jogoo."

Nilitamani ardhi yao ile yenye mashimo inimeze. "Ndugu zangu," nikasema, "mimi si mganga. Mimi ni karani mstaafu wa pamba. Nimemfuata mke wangu, amesusa, yuko kwa Minza mpishi. Huyu jogoo ni wa kuombea msamaha."

Nikahesabu moyoni mifupa ya mbuzi niliyokula. Kisha mkubwa wao akakaa chini, akajipiga paja, akacheka mpaka akashika tumbo.

"Yaani tumemlisha mtu anayehitaji mganga kuliko sisi!"

"Afadhali," akasema mwingine. "Mganga mwenyewe angekula mbuzi wawili."

Wakatusindikiza hadi kwa Minza, njia nzima wakiimba wimbo walioutunga papo hapo, ambao maneno yake Swedi amekwisha kuwafundisha, kwa hiyo sitayaandika.

Kwa Minza

Minza anapikia karibu na karasha, mashine ya kusaga mawe, kwa hiyo kule watu huzungumza kwa kupaza sauti hata wakisema siri. Ni mwanamke mrefu, mwenye sauti nzito kama ya mwanamume. Alinitazama kuanzia vumbi la viatu hadi vumbi la nywele.

"Mwadila, namhala," akanisalimia kwa Kisukuma kama mzee mwenzake. "Umekuja na mdomo au umekuja na masikio?"

Mama Kulwa alikuwa nyuma yake anapepeta mchele. Hakuinua uso. Ungo ulipanda na kushuka bila kukosea.

Wakakusanyika wapishi wa vibanda vya jirani, karibu wote kina mama wa umri mkubwa, wakaketi. Swedi akasimama kunisemea. Hapa ndipo nilipoelewa ukubwa wa kosa langu.

"Mama zangu, mimi ni mtani wa huyu. Sikuja kumtetea, nimekuja kumzika." Wakapiga vigelegele. Akasema yote: kwamba nilipika uji ukasimama, kwamba Maganzo nilishindwa na mama wa kitenge, kwamba nimekula mbuzi wa mganga. Kisha akasema, "Na aliniacha mimi, msemaji wake, nilale nisilione daraja. Mtu anayemnyima mwenzake kuona kitu kilicho mbele ya pua, mnashangaa yeye hajaona kilichofanywa nyumbani kwake?" Akamchukua jogoo kwa haki ya utani, akampa Minza, akaketi. Jogoo alichinjwa jioni ile. Swedi alikula paja. Nadhani swali hilo sasa nimelijibu.

Kina mama wakakata shauri haraka. Kwa kuwa nilisema wanawake walipumzika, basi nami nitapumzika vilevile: nitachota maji, nitamenya viazi, nitaosha vyombo vya wachimbaji, na habari za vita nisizitie mdomoni. Chakula nitapewa na Minza. Mama Kulwa atafanya atakavyo.

Nikapumzika, ndugu zangu. Nilipumzika mpaka kiuno kikakataa kunyooka. Viazi nilivyomenya vilitoka vidogo kama gololi, Minza akawa anaviinua mbele ya wateja na kuuliza ni nani aliyeleta njugu. Wachimbaji wakaniita "mtaalamu wa masufuria". Kila mlo ulipofika nilitazama mkono ulioleta sahani, na kila mara ulikuwa wa Minza. Mama Kulwa alinisalimia kama anavyomsalimia mpangaji.

Siku moja wakati wa chakula cha mchana karasha iliharibika, pakawa na kimya cha ajabu. Yule mkubwa wa duara akasema, "Mzee, tunasikia ulikuwa vita vya Kagera. Tupe basi, leo tunasikilizana."

Vita ikanipanda kooni yenyewe. Minza akainua mwiko. Lakini si mwiko ulionizuia. Nilimkumbuka yule muuguzi na magunia yake. Nikasema, "Mimi ninajua kuanzia kwenye lori tu. Mwulizeni Mama Kulwa. Yeye anajua kabla ya lori."

Ungo ukasimama. Akajifuta mikono kwenye kanga, akavuta kigoda.

"Kabla ya lori," akasema, "kulikuwa na kuni."

Akaanza na kuni. Wanaume wengi wenye nguvu walikuwa wameondoka. Kijiji kikaambiwa kichangie chakula cha askari. Wakachemsha viazi kwenye mapipa, wakakata, wakaanika juu ya miamba, na watoto wakafukuza mbuzi na kunguru. Sabuni haikuwepo madukani, mafuta ya taa hayakuwepo, chumvi waligawana kwa kijiko. Viganja vilichubuka kwa utomvu wa viazi mpaka wakashindwa kushika watoto. "Magunia yalipokuja kuchukuliwa," akasema, "tulisikia wapakiaji wanayatukana kwamba ni mazito. Tukafurahi. Tukajua tumejaza vizuri."

Wachimbaji wakacheka, wakanigeukia. Nikainamia sufuria.

"Waambie habari za ng'ombe," Minza akasema.

"Za ng'ombe waambie wewe, uliyekuwa mwanamume."

Ikawa hivi. Enzi hizo mwanamke hakushika plau, na maksai wetu walizoea amri za kiume. Wanawake walipowaambia twende, wale maksai waligeuza shingo wakawatazama kama wanaosubiri mwenye mali. Mvua imekwisha kunyesha, pamba haijapandwa. Minza akaingia ndani, akavaa koti la mumewe na kofia yake, akajipaka tumbaku mikononi ili anuke kama yeye, akashuka shambani akitembea kwa kuchanua miguu. Akanguruma mara moja. Maksai wakavuta.

"Walivuta mpaka jioni," akasema Minza. "Nikazoea. Mume wangu aliporudi akawaamuru, wakanitazama mimi."

Hata Swedi alilia kwa kucheka. Ndipo Mama Kulwa akasema, bila kubadili sauti, "Kisha nyumba ikaanguka."

Nikainua kichwa. "Nyumba ipi?"

"Yetu. Upepo ulichukua paa, mvua ikamaliza ukuta wa magharibi na mlango. Mapacha, Kulwa na Doto, walikuwa hawajatambaa. Tuliijenga upya, mimi na huyu. Kulwa mgongoni kwangu, Doto mgongoni kwake. Minza akasema, basi huu mlango wa Baba Kulwa uliopinda tuunyooshe, ni aibu. Mama mkwe akakataa. Akasema mtu akiwa vitani mlango wake hauguswi, asije akarudi akadhani si kwake. Tukakaa siku nzima tunaupindisha ule mpya ufanane na wa zamani. Kupindisha kulikuwa kugumu kuliko kunyoosha."

Nadhani karasha ilikuwa bado imeharibika, au mimi ndiye niliyekuwa siisikii. Nilikuwa nikiuona ule mlango. Maisha yangu yote nimejisifia kwamba nilijenga nyumba iliyosubiri vita ikaisha.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza.

"Ulirudi unaongea, Baba Kulwa. Nikasema acha nimsubiri amalize."

Ningeweza kusema nisamehe, na neno hilo lilikuwa tayari, lakini nilijua kwangu neno moja huwa ni mlango wa maneno mengine elfu. Nikauliza kitu nilichotaka kukijua kweli.

"Udongo mliutoa wapi?"

Akanigeukia mwili mzima. "Kwenye kichuguu nyuma ya kwa mama yako. Beseni hatukuwa nalo, tuliukokota juu ya ngozi ya ng'ombe."

"Na nyasi? Mwaka ule si zililiwa zote na mifugo?"

"Polepole, shemeji," Minza akasema. "Swali la pili mpe kesho, asije akavimbiwa."

Lakini Mama Kulwa alikuwa tayari anajibu. Alijibu mpaka karasha ilipotengenezwa, na ilipoanza kunguruma akapaza sauti akaendelea, nami nikasogeza kigoda changu nisikie. Jioni sahani yangu ililetwa na Minza kama kawaida.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nakwangua masizi ya sufuria kubwa. Kitu kikatua magotini pangu: kanga iliyofungwa fundo, nzito. Ilikuwa na matobolwa. Aliyeitua alikuwa Mama Kulwa mwenyewe.

Matobolwa hayahitaji moto wala sahani. Ni chakula cha njiani. Nikalipima lile fundo kwa mkono.

"Haya ni ya mtu mmoja?" nikauliza.

"Wewe umewahi kumaliza haya yote peke yako?"

"Hapana."

"Basi maliza sufuria, basi halitusubiri."

Swedi, aliyekuwa anakunywa chai kibandani, akauliza kama na yeye amehesabiwa. Mama Kulwa akamwambia yeye atakula akishaliona daraja.

Kurudi

Tulirudi kwa njia ileile ndefu, kwa ombi la Mama Kulwa. Yeye alikaa dirishani, Swedi akakaa nyuma yake, na tulipofika darajani Mama Kulwa alimgeukia akampiga kofi la bega mapema kabisa. Swedi aliliona lote. Akasema ni refu.

Baada ya hapo abiria mmoja aliuliza tunatoka wapi, naye Mama Kulwa akaanza na kuni. Alipofika kwenye lori alisema tulivuka kwa kivuko mchana, wakati ilikuwa jioni. Nilitafuna matobolwa.

Tulishuka Ngokolo tumechoka. Mimi nilikuwa na beseni la vyombo ambalo Mama Kulwa alipewa na Minza, nimelibeba kichwani kwa kuwa mikono ilikuwa na mizigo mingine. Jirani yule aliyeachiwa ujumbe akatoka mlangoni, akapiga makofi.

"Karibu Mama Kulwa! Afadhali wamekuleta!"

"Kina nani, hawa?" Akatugeukia, mimi na beseni langu, Swedi na mwavuli wake. "Hawa nimewaleta mimi."